Uzi wa Tatu wa Sifuna

Baba yangu, Sifuna wa Naitiri, alipiga gitaa lenye nyuzi tano badala ya sita, na tangu nizaliwe nasikia mzaha uleule: mtu ametunga nyimbo zaidi ya mia, akashindwa kununua uzi mmoja. Watu wa redio huziita nyimbo zake bluzi. Kwetu ni nyimbo za Sifuna tu, zile zinazopigwa watu wakitoka kuzika na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuongea. Vijana wanaomwiga, kuanzia Kitale hadi Bungoma, hung'oa uzi wa tatu kwenye magitaa mapya kabisa ili wafanane naye. Mimi jambo hilo liliniudhi kupita kiasi. Umaskini wa baba yangu ulikuwa umegeuzwa fasheni.

Kwa hiyo mashabiki wake walipoandaa siku ya kumkumbuka, miaka kumi tangu afariki, nililipeleka gitaa kwa Gathii, fundi wa vyombo vya muziki Kitale, atie uzi wa tatu. Mama sikumwambia. Nilipokuwa na miaka tisa nilijaribu kufunga waya penye pengo lile, akanizaba kofi ambalo shavu langu bado linalikumbuka. Nilidhani ni ukaidi wa mtu aliyezoea shida. Tena, kwa kimbelembele changu, nilikuwa nimemwahidi Hamdun, mshereheshaji, kwamba "Sogeeni Kidogo", wimbo mkubwa kuliko zote za baba, utasikika kwa nyuzi sita kwa mara ya kwanza. Naye akatangazia mji mzima.

Asubuhi ya siku yenyewe Gathii alinikabidhi gitaa linang'aa. Kisha akatoa kifurushi cha gazeti.

"Hii nimetoa ndani ya tumbo ya gitaa," akasema. "Ni uzi wa tatu, tena mzima. Si mlikuwa mnasema ilikatika?"

Uzi ulikuwa umeviringwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha kitambaa cha buluu. Kwenye kitambaa palikuwa na kifungo kidogo sana, cha shati la mtoto. 

Gathii naye alikuwa amealikwa, basi tukaondoka kwenda Bungoma na pikapu yake. Njia nzima alinieleza habari za gundi na mbao, nami naitikia tu huku nimekishika kile kifungo ndani ya mkoba. Kama uzi haukukatika, baba aliutoa mwenyewe. Kama aliutoa mwenyewe, mimi nimefanya nini? Tulipofika soko la Kamukuywa, Gathii akasimama kununua ndizi, nami nikampigia Mama. Simu ikapokelewa na Wilkista, jirani yetu. Alinieleza kwamba Mama amevaa tangu alfajiri, amekataa chai, na anasema anataka kusikia wimbo mmoja tu kisha arudishwe nyumbani. Niliogopa kuuliza zaidi. Nikasema tuko njiani.

Ningeweza kuutoa uzi ule palepale. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi ya nyuzi sita mwezi mzima kwa gitaa la kuazima, na Hamdun alikuwa ameniletea ujumbe kwamba ukumbi umejaa. Ukweli ni kwamba niliona aibu kurudi nyuma.

Ukumbini Bungoma, nyuma ya jukwaa, walikuwa wamepangwa vijana ishirini na magitaa yao, kila moja lina pengo mahali pa uzi wa tatu. Mama alikuwa kiti cha mbele. Hamdun akaniita. Badala ya kupanda jukwaani nilipiga magoti mbele ya Mama, nikamwekea kile kifurushi mapajani.

Alikitazama kifungo kwa muda mrefu. Halafu akalitazama gitaa.

"Umeirudisha," akasema.

"Nisamehe, Mama. Nilidhani ilikatika."

"Haikukatika. Baba yako alitoa siku tulizika Wabwile."

Nikamuuliza Wabwile ni nani. Miaka arobaini na moja nimejijua kuwa mzaliwa wa kwanza.

"Kaka yako. Alikuwa na miaka mitatu. Baba yako akicheza, yeye alikuwa anakuja anavuta hiyo moja tu, ya katikati. Kila siku. Alipokufa, baba yako akasema hakuna mkono ingine itaigusa. Akanikataza hata kutaja jina, ati atashindwa kuishi."

Nililia mbele za watu bila kujali. Hamdun, aliyekuwa akiniita mara ya tatu, akashusha kipaza sauti. Nikashika ufunguo wa gitaa ili niulegeze uzi, lakini Mama akaushika mkono wangu.

"Kwanza ipige hiyo moja. Mimi nisikie."

Nikaupiga uzi wa tatu peke yake, mara moja. Mama alifumba macho mpaka sauti ikaisha kabisa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, nami nikautoa.

Nilipanda jukwaani nikaanza "Sogeeni Kidogo", wimbo ambao sote tulidhani unamhusu mgeni aliyechelewa: sogeeni kidogo, mtu wangu akae. Kidole gumba kilifika penye pengo, kikaruka. Nyuma yangu vijana ishirini waliruka pamoja nami, palepale, kama walivyojifunza, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba tangu siku alipong'oa uzi wake amekuwa akisogea kidogo ili kaka yangu akae.