Alivyonyamaza kwa Fortunat

Mwanangu alikuwa analia mikononi mwangu mpaka pumzi inamkatika. Mara akanyamaza, akageuza ile shingo yake laini kuelekea mlangoni. Fortunat alikuwa amesema tu, "Hodi, mama Guylain."

Ilikuwa siku yangu ya pili ya kuwa baba. Mtoto alikuwa na majuma saba.

Nilikuwa nimekwenda Butembo kumzika baba yangu, nikitegemea kurudi Goma baada ya siku chache, vita vikafunga barabara nyuma yangu kwa majuma mengi. Masika, mke wangu, akashikwa na uchungu peke yake huku mtaani kwetu Majengo. Jirani yetu Fortunat ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikipiki, akangoja kwenye korido, akampokea mtoto kutoka kwa muuguzi. Hata darasa langu alilishika. Alikuwa mwalimu kama mimi, aliyekimbia mapigano ya Rutshuru, mtu wa upande wa Bukavu, hana mke wala mtoto.

Nilimshukuru, kwa mdomo.

Leo Guylain ananifikia begani, na watu husema tunafanana mpaka mwendo. Mimi huwa najibu haraka, nabadilisha mazungumzo.

Jumatatu ya juma lile nilirudi Mugunga, kwenye hema ambamo tuliwafundisha watoto wa kambi ya wakimbizi. Helikopta ikapita chini chini. Kabla sijasafiri, mngurumo ule uliwatawanya wote, na Apolline, aliyeona nyumba yao ikiteketea, alijikunja chini ya benchi akijikojolea. Mara hii alishika mkono wa mwenzake. Darasa zima likaanza kuhesabu kwa sauti, polepole, mpaka helikopta ikapotea. Walifika ishirini na sita.

"Nani aliwafundisha hivyo?"

"Mwalimu Fortunat," Apolline akajibu.

Nilikuwa nimemfundisha miezi mitano bila kuisikia sauti yake.

Nilijiona nimeibiwa mara mbili na mtu mmoja, mtu ambaye hata begi la kuficha kitu hakuwa nalo. Mkuu wa shule alikuwa anataka kumwajiri afundishe darasa la pili. Mchana ule ule niliingia ofisini kwake. Fortunat mwenyewe aliwahi kuniambia, kama rafiki, kwamba diploma yake ilibaki katika nyumba aliyoikimbia.

"Direkta," nikasema, "yule hana karatasi hata moja. Inspekta akikuja, ni wewe atauliza."

Sikusema uongo. Ndiyo maana maneno yalinitoka kwa urahisi.

Alhamisi Fortunat alikuja kuaga; kazi alikuwa amenyimwa. Kesho yake angepanda boti kwenda kwa ndugu zake Bukavu. Hakumlaumu mtu. Alimbeba Guylain kidogo, akamrudisha kwa mama yake, kisha akanigeukia.

"Umushike juu kidogo, mwalimu. Anapenda kusikia mutu anazungumuza. Hata ukimusomea gazeti."

Alipotoka, Masika alinigeukia.

"Papa Guylain, ni nani aliambia direkta?"

"Sijue."

Akanipa mtoto, akaenda uani kufua nepi.

Guylain alianza kulia. Nikamwinua juu kidogo, nikazungumza naye. Nilimweleza yote: jinsi nilivyoingia ofisini, nilivyokaa, nilichosema, kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. Alilia mpaka akachoka, akalala kifuani pangu, maana hapakuwa na kifua kingine.