Mstari wa Sumie

Tatsuji Munakata hakuwa mtu wa gemu. Alikuwa mtu wa mgodi mpaka wakubwa walipoufunga mgodi, kisha mtu wa kiwanda cha saruji mpaka wakubwa walipokiuza kiwanda, halafu akabaki kuwa mume wa Sumie tu, mpaka Sumie naye akaondoka. Kifo hicho nacho aliwatwika wakubwa. Mji wao, wa machimbo ya zamani ya makaa ya mawe kaskazini mwa Kyushu, ulikuwa umefungiwa hospitali ili kubana matumizi, na gari la wagonjwa lilitumia dakika arobaini kufika mji wa jirani.

Aliachiwa mashine ya gemu ya kijivu, ya miaka ya tisini, na kaseti moja. Sumie alikuwa akiicheza mumewe akiwa kazini. Ukiiwasha inakuonyesha mistari mitatu ya kuhifadhia safari. Wa juu ulikuwa na jina la Sumie na mishumaa kumi na mmoja ya uhai, maana alishakaribia ngome ya mwisho. Mwaka wa kwanza wa ugane wake, kwa kukosa la kufanya, Tatsuji alianza safari yake kwenye mstari wa tatu. Akanogewa.

Kilichomnogea ni haki. Mfalme mle ndani ni kama wakubwa walewale: amekaa kitini, anakutuma ukaokoe nchi kwa upanga butu na hakupi hata chakula cha njiani. Lakini ukishatoka nje ya kasri, hakuna wa kupendelewa. Nyoka kabla ya kuuma hurudi nyuma hatua moja, kila mara, kwa kila mtu. Ukichelewa, umechelewa wewe. Nyuma ya maporomoko ya maji kuna pango, na hakuna fomu ya kujaza ili uingie.

Kila asubuhi alitangulia kufungua mstari wa Sumie. Shujaa wa Sumie alisimama mbele ya kibanda cha muuza samaki, kando ya mto. Tatsuji alimtembeza mpaka darajani, akamrudisha, akazima bila kuhifadhi, ili abaki palepale mkewe alipomwacha.

Sasa betri ilikuwa inakwisha. Ndani ya kaseti mna betri bapa kama kifungo, ndiyo inayoshika kumbukumbu, na hii ilikuwa imepita miaka thelathini. Noboru, mdogo wake Sumie, fundi wa redio, aliipima akasema haivuki mwezi. Jumapili asubuhi akaja na pasi yake ya kulehemu.

"Nikiing'oa hivihivi, jina la dada linapotea," alisema akifungua kaseti. "Kwa hiyo naichomeka kaseti ikiwa wazi, nawasha, umeme wa mashine unashikilia wakati nabadilisha. Dakika tano. Wewe shemeji kazi yako moja: usifanye kitu."

"Hiyo naiweza. Nimestaafu."

"Hata kupumua, pumua taratibu."

"Aliyeua redio ya dada yake ananifundisha kupumua."

"Redio ile nilipelekewa maiti. Mimi nilizika tu."

Noboru akapiga magoti juu ya mkeka, mgongo umepinda. Betri kuukuu ikatoka. Kwenye skrini jina la Sumie lilikuwa bado lipo. Tatsuji alimtazama shemeji yake akaona kitu kingine: mgeni yuko ndani muda wote huu, baridi kali, anafanya kazi, na mbele yake hakuna kikombe. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kukaa bila chai, hata msoma mita. Akaenda jikoni akabonyeza birika la umeme.

Swichi kuu ikajikata.

Bei ya umeme ilipopanda alikuwa ameomba ampea zake, yaani umeme anaoruhusiwa kutumia kwa mpigo, zipunguzwe ili alipe kidogo, kutoka thelathini hadi kumi na tano. Tangu hapo ilikuwa ama birika, ama meza ya joto, ile yenye hita chini yake, si vyote viwili. Alilijua hilo vizuri kabisa. Aliporudi sebuleni skrini ilikuwa nyeusi, na Noboru ameshika betri mpya kwa ncha za vidole.

"Umewasha nini?"

"Birika."

"Na meza ya joto?"

"Inawaka."

Noboru akaiweka betri chini.

"Wale wakubwa wa umeme," Tatsuji alisema. "Wangeacha bei ilivyokuwa, ningekuwa na ampea thelathini."

"Si wao waliobonyeza birika, shemeji."

"Nilitaka unywe chai," alisema.

"Najua. Dada naye angefanya hivyohivyo."

Noboru akazima meza ya joto, akapandisha swichi, akalehemu betri mpya, akawasha mashine. Mistari mitatu ilikuwa mitupu.

"Nikuandikie jina lake?" aliuliza. "Njia yake naijua. Wiki mbili nakufikishia pale kwa muuza samaki."

"Utakuwa ni wewe umevaa jina lake."

"Sasa?"

"Lete hapa."

Tatsuji akapokea kidude cha kuchezea, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa juu, herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza hakuanza kucheza.

"Mstari wa pili ni wako," alisema. "Uje Jumapili, ucheze safari yako. Yangu usiiguse."

Noboru akasema Jumapili ijayo ana kazi, ila Jumamosi anaweza kupita.