Ngozi ya Mtoto wa Yaya

1.

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE WA MABANDA

Farasi jike Sultana anatarajiwa kuzaa wiki hii. Kwa hiyo:

(a) Redio zote zizimwe.
(b) Asiyehusika asikaribie banda la Sultana.
(c) Farasi jike Yaya na kitoto chake wahamishiwe banda la jirani, wawe tayari.
(d) Kitoto cha Yaya kisipewe jina.

Kwa amri ya Mwenye Shamba.


2.

Nasambu alilisoma ubaoni, ufagio mkononi. Darasa la nane lilimtosha kwa kila neno lililokuwa pale. Lililomsumbua ni lile agizo la mwisho.

"Mzee, jina linamdhuru nani?"

Arap Too, mkuu wa mabanda, alikuwa anakuna kwato ya dume. Hakuinua kichwa.

"Kitu chenye jina ni kigumu kukiondoa. Fagia, msichana wangu."

Ki-
ondoa.


3.

Wewe unayesoma, unayekwenda uwanja wa mbio Jumapili na kofia yako nzuri, umewaona farasi wakikimbia tu. Harusi yao hujaiona. Sogea huku juu ya Molo, ukungu haujatoka, angalia.

Kwanza analetwa Mshenga. Hilo ndilo jina tulilompa sisi wafanyakazi. Kwenye vitabu vya shamba hayumo. Ni farasi wa kuokota, miguu mifupi, kichwa kama sanduku. Anasimamishwa upande huu wa mbao, jike upande ule. Anamnusa. Anamlilia. Anamwimbia hadi jike analegea, anakubali. Hapo Mshenga anavutwa kwa kamba, jasho linamtiririka, anarudishwa bandani kwake kupiga ukuta mateke.

Halafu anaingizwa Jemadari. Mwenye damu ya ukoo wa mabingwa. Anamaliza, anafutwa kwa taulo.

Mshenga huruhusiwa kwa jike mmoja tu: Yaya. Na hapo usidhani ni huruma. Jike asiyezaa hana maziwa, na shamba linataka jike mwenye maziwa akae tayari, isije ikawa wa damu kafa na kuacha mtoto.

Maziwa ndiyo yanayotakiwa. Mtoto ni taka inayokuja nayo.


4.

(kwenye ua, wageni wa kununua, glasi mkononi)

"Angalia makalio ya Jemadari. Radi mtupu, yule bingwa babake!"

"Na huyu atakayezaliwa atakuwa na Radi mara tatu, ndugu yangu. Tatu!"

"Si ni nyingi?"

"Sukari huwa nyingi?"

(kicheko)

"Wewe dada, hebu ondoa hayo mavi, tunapiga picha."


5.

                    RADI
          Jemadari
MTOTO
                              RADI
                    baba yake
          Sultana
                    mama yake
                              RADI


6.

Kwao Nasambu, kule Kimilili, kijana akija kuposa haulizwi kwanza ana ng'ombe wangapi. Anaulizwa ukoo wake. Kisha ukoo wa mamaye. Kisha wa nyanya huyu na nyanya yule. Zikigongana hata upande mmoja, anapewa chai, anasindikizwa hadi barabarani, na shangazi wanacheka hadi jioni.

Hapa zikigongana wanafungua mvinyo.

Aliutazama ule mchoro uliotundikwa ofisini, mstari wa dhahabu ukitoka kwa Radi na kurudi kwa Radi, kisha akatoka nje. Akatema mate.


7.

Sultana alizaa asubuhi, mvua ikinyesha. Mtoto alitoka akiwa mwekundu, mzuri wa uso, na miguu ya mbele imepinda ndani kama ya mtu anayebana haja. Wote waliiona.

Halafu damu. Nasambu alijaza nyasi kavu, zikalowa, akajaza nyingine, zikalo


8.

TAARIFA YA DAKTARI WA MIFUGO

Jike: amekufa. Sababu: kuvuja damu baada ya kuzaa.
Mtoto: hai, dume. Miguu ya mbele ina hitilafu ndogo, inayotarajiwa kunyooka.
Pendekezo: anyonyeshwe na jike mbadala mara moja. Njia: ngozi.


9.

Ngozi.


10.

"Ngozi gani, Mzee?"

"Ya mtoto wa Yaya." Arap Too alikuwa ananoa kisu, na hakupenda kutazamwa akinoa. "Daktari anamdunga sindano. Mimi namchuna. Ngozi tunamvika huyu wa Sultana, tunaifunga kwa kamba tumboni. Yaya akinusa anasema ni wake. Anamnyonyesha. Ngozi ikianza kunuka tunaivua, tayari amezoea."

"Umewahi?"

"Unafikiri hao wanaoleta vikombe vya mbio wamenyonya wapi?"

"Na mimi nafanya nini?"

"Unamshika. Anakujua wewe. Kwako anatulia."

Nasambu aliangalia kwenye rafu.

"Kuna dawa ya kifua," akasema. "Ile ya kupaka, inayochoma pua. Si mlisema zamani mlimpaka jike puani, na mtoto mgongoni, asijue nani ni nani?"

"Mara nyingine inakubali. Mara nyingine jike anapiga teke, kichwa cha mtoto kinapasuka kama yai. Nani atamweleza Madam mwenye shamba kwamba mtoto wa Radi amepasuka kama yai? Wewe?"


11.

(Yaya)

Wangu ni huyu. Ana harufu ya nyasi nilizolalia na ya maji yangu mwenyewe. Wa mwaka jana alikuwa na harufu hii, halafu akawa na harufu hii na mwili mwingine, na sauti nyingine. Nilimlamba. Niliendelea kulamba. Kulikuwa na kitu chini ya


12.

Madam alikuja na mwavuli na buti safi. Nasambu alivua kofia, akasimama mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Madam, naomba huyu wa Yaya. Nipe mimi. Nitamtoa hapa leo."

"Umpeleke wapi?"

"Kwetu. Atalima, atavuta mkokoteni, chochote."

"Aha. Na watu wamwone barabarani anavuta viazi, waulize ametoka wapi, waambiwe kwa Madam?" Alicheka kidogo, hata bila ubaya, kama anamfundisha mtoto. "Msichana, hapa geti halitoi farasi asiye na karatasi za ukoo. Miaka yote hii najenga jina. Mshike tu. Ni dakika moja."

"Madam, Yaya ana chuchu mbili."

"Mtoto wa Radi hagawani ziwa na punda."

Simu ikalia. Wale wanunuzi. Akaenda kuongelea chini ya paa la ofisi, Daktari nyuma yake akimkinga kwa mwavuli.


13.

Mambo aliyoyasikia Nasambu akiwa amesimama hapo:

mvua kwenye bati
kisu kikinolewa, kikisita
mtoto wa Sultana, bandani, akilia njaa. Sauti nyembamba. Huyo naye hakuchagua babu zake.


14.

Msomaji, Nasambu angekuwa mjinga angesema *sishiki* na kuondoka zake. Arap Too angemshika mwenyewe, kazi ingekwisha. Na kama angekaa tu akibisha, huyo mwekundu angekufa njaa wakati watu wanagombana. Alijua hayo yote. Kinyaa kilikuwa kimemjaa hadi kwenye kucha, na bado alijua.

Akachukua kopo la dawa kwenye rafu.

Alimpaka Yaya puani. Alimpaka mtoto wa Yaya, shingo hadi mkia. Akamzoa mtoto wa Sultana mikononi, mzito, aliyelowa, miguu ikining'inia, akamleta kwa Yaya, akampaka naye. Kisha akamsugua kwa nyasi alizolalia mwenzake, zenye mkojo wa mwenzake, kila mahali, hadi ile damu ya dhahabu ikanuka kama banda.

"Nasambu!" Arap Too, mlangoni. "Utaniua na uzee huu!"

"Basi nisaidie."

Hakumsaidia. Lakini kisu alikiweka chini.

Nasambu akamsogeza huyo mwekundu kwenye ziwa. Yaya alilaza masikio. Mguu wa nyuma ukainuka.

Ukakaa hewani.


15.

Ukashuka.


16.

Madam aliporudi alikuta hivi: upande huu wa Yaya, mtoto wa Radi mara tatu, amepiga magoti yaliyopinda, ananyonya kwa kelele. Upande ule, mtoto wa Mshenga. Mikia yote miwili inacheza.

"Nini hiki?"

Harufu ya dawa ilijibu.

"Daktari, endelea na yule."

Daktari aliingia na sindano yake. Yaya akageuza kichwa, akaonyesha meno, akasogeza matako mlangoni. Daktari akatoka nyuma nyuma, kiatu kikazama kwenye mavi.

"Huwezi kumtoa mmoja sasa," alisema. "Atawaponda wote wawili."

"Kuna mtu anayeweza kuingia," alisema Madam. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nasambu. Unaipenda kazi yako?"

"Naipenda, Madam."

"Mtoe."

Nasambu alikuwa tayari ndani, mkono wake juu ya shingo ya Yaya, iliyokuwa inatetemeka. Alipindua ndoo. Akaikalia, katikati ya hao watoto wawili, mgongo kwa watu.

Mvua iliongezeka. Getini, gari la wanunuzi lilikuwa linapiga honi lifunguliwe.

"Arap Too," Madam aliita. "Chukua kisu."

Mzee alikitazama pale chini, kisha akawatazama wanaonyonya.

"Madam," akasema, "mimi ningengoja washibe."