Mshale Uliolala

Kaka yangu akisema gari lake limepona, mimi huchukua bisibisi. Safari hii sikuwa na hamu hata ya kumtania. Mama alitakiwa kupelekwa hospitali ya mbali kupasuliwa jicho, na asubuhi hiyo alikuwa amegoma katakata kupanda gari.

“Kamuulize mwenyewe,” kaka alisema, amenuna. “Mwanzo alilalamika mshale wa joto unapanda. Jana tumetembea naye uko chini kabisa, bado hataki. Nifanyeje?”

Nililiwasha, nikaliacha lingurume mpaka boneti ikachoma mkono. Mshale kimya, umelala. Loo! Mimi fundi umeme wa magari, halafu ananiletea mchezo huu?

“Umechomoa waya wa sensa.”

“Nani, mimi?”

“Hapana, jini.”

Sensa ya joto ni kidude kidogo tu, kichwa chake kimezama kwenye maji ya injini. Maji yakiwa baridi, inaubania umeme. Yakipata moto, inauachia upite, na mshale unapanda. Ukichomoa waya hakuna umeme unaopita, kwa hiyo mshale unalala hata kama injini inaungua. Nilimweleza hayo kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.

“Mama alikuwa anatetemeka kila mshale ukipanda,” alisema polepole. “Nilitaka atulie tu, mdogo wangu. Tusije tukachelewa na hilo jicho lililobaki.”

Hasira zikaniisha. Nikarudisha waya wa sensa, kisha nikatafuta kilichokuwa kinapandisha joto. Kumbe waya wa feni ulikuwa umeliwa na kutu, feni haizunguki. Nikaunga mwingine. Feni ikavuma, mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo.

Tukamketisha mama mbele. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha geji yenye mshale, akatazama sana.

“Afadhali,” alisema. “Ule mshale wa chini ulinitisha kuliko wa juu.”

“Kwa nini, mama?” kaka aliuliza.

“Gari linakwenda mwendo wote ule, halisikii joto? Jicho langu la kwanza nalo halikuniuma hata siku moja, mwanangu. Nikajua ni zima, kumbe linapofuka.”

Kaka alimwinamia. Alimfunga mkanda, machozi yanamtoka, na mimi nikageukia pembeni kufuta yangu.

“Twendeni basi,” mama alisema. “Na wewe fundi, panda nyuma.”