Besi Iliyobaki Barabarani

Kila boksi lililotoka mikononi mwa Kipaza lilipimwa kwa misumari ya fundi viatu. Akishafunga boksi la spika kwenye gari, huliegesha mbele ya banda lake, akafungulia muziki, akavuka barabara na kusimama kwenye kibanda cha fundi viatu, macho kwenye mkebe wa misumari midogo. Misumari ikicheza, boksi limefaulu. Isipocheza, anarudi kulifumua. Wateja wake walikuwa vijana waliotaka mtaa mzima ujue kwamba wamepita, kwa hiyo kipimo hicho hakikuwahi kumwangusha.

Jina la Kipaza lilimjia kabla ya ufundi. Zamani alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, yeye na dada yake, na kila zamu ilipotoka alikuwa langoni na kipaza sauti cha kuazima, akidai vifaa vya kuziba masikio kwa wafumaji. Mitambo ile ilikuwa na kelele ya kupasua fuvu. Meneja akajibu kwamba hiyo ni anasa. Ukumbi mzima umejaa pamba, anayetaka na ajizibe nayo. Mwisho Kipaza akafukuzwa. Dada hakufukuzwa. Walimbakiza mpaka masikio yakaisha, ndipo wakamwambia akapumzike, utadhani aliyachosha kwa kupenda umbea. Meneja yule amestaafu, amenenepa, anaitwa mzee wa heshima, na Kipaza anamkumbuka mpaka rangi ya tai aliyovaa siku ile.

Kama wafumaji wengi, dada alijifunza kusoma midomo palepale kazini, kwa hiyo kuongea naye si taabu. Lakini mwanawe wa pekee alikuwa mpiga gitaa la besi, na alianza kulipiga wakati mama hasikii tena chochote. Kwake gitaa lilikuwa ubao wenye nyaya ambao mtoto hutoka nao jioni na kurudi nao akiwa na njaa. Alipotokea wakala mwenye mkataba wa kazi kwenye kiwanda cha nguo cha nchi ya mbali, mama hakufikiri mara mbili. Kazi ni kazi, alisema, aende.

Kijana akaja bandani kwa mjomba wake, uso umemshuka.

“Mjomba, mama hajawahi kunisikia. Nataka anisikie mara moja tu. Akishanisikia, halafu bado aniambie niende, nitaenda bila kinyongo.”

Kipaza alimweleza kwamba besi haiingii kwa masikio peke yake. Inaingia kwa mgongo, kwa mbavu, hata kwa makalio. Akamwambia alete wimbo aliorekodi na bendi yake, mengine amwachie yeye. Moyoni alikwishaapa: kiwanda hakitakula watu wawili wa nyumba moja.

Akalifumua boksi la gari lake mwenyewe, gari dogo la zamani lenye buti la kufungwa. Akaliunda upya kwa mbao nene, akaweka mihimili ndani ili kuta zisitetemeke ovyo, akaziba kila kiungo kwa silikoni. Alipasua mto wake wa kulalia, akabandika sufi yake kwenye kuta za ndani, maana sufi huifanya spika ijione imo kwenye boksi kubwa zaidi. Akarefusha bomba la kupumulia ili besi ishuke chini kabisa. Kisha akalisukuma boksi butini, uso wa spika ukitazama nyuma, akafunga, akavuka barabara.

Siku hiyo misumari haikucheza tu. Mkebe wenyewe ulitembea mpaka ukingoni mwa meza ukaanguka.

“Sasa unanitafutia maradhi ya mgongo,” alisema fundi viatu akiokota misumari vumbini. “Na huko ndani ya gari kukoje?”

Kipaza alicheka. Kama huku ng'ambo ni hivi, alijibu, aliyeketi ndani atajiona amekalia ngoma. Hakwenda kuketi. Katika maboksi yote aliyotengeneza, hakuwahi kuketi.

Siku ilipofika, dada alivaa gauni lake zuri, akapanda kiti cha mbele, mwanawe akashika usukani. Kipaza alibaki barabarani pamoja na fundi viatu. Gari lilishuka na mtaa na kurudi, vioo vya maduka vikitetemeka, wanawake wakitoka milangoni wakikata viuno, na kwa dirisha la gari Kipaza alimwona dada akitabasamu na kutingisha kichwa. Machozi yakamlenga. Tangu enzi za langoni alikuwa hajawahi kuuona mtaa ukitoka hivyo kwa kazi ya mkono wake.

Gari likasimama, muziki tayari umezimwa. Dada akashuka, akanyoosha gauni.

“Mzuri,” alisema kwa ile sauti yake bapa ya asiyejisikia. “Umenifurahisha sana.” Kisha akamgeukia mwanawe, akamshika shavu. “Sasa nenda kazini, baba.”

Kijana akampa mwenzake wa bendi gitaa, na kabla mwezi haujaisha akaondoka.

Kipaza akamsusa dada yake. Alisema kwa kila aliyetaka kusikia kwamba mwanamke yule aliliwa masikio na kiwanda, kumbe na moyo kilikuwa kimemla. Mtu asikie kitu kama kile halafu ampeleke mwanawe kulekule. Akawa anapita nyumbani kwake bila kugeuza shingo.

Halafu mchana mmoja mvua ilinyesha, bati la banda likavuja, akajibanza garini. Kwa upweke akaufungulia wimbo wa mpwa wake. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nyembamba, ngoma kama makopo, na besi haikuwepo. Akaongeza sauti. Buti likaguna kule nyuma kama ugomvi wa jirani. Akaweka kiganja kwenye kiti cha mbele, kile cha dada: kimya. Akatoka kwenye mvua, besi ikamkumba kifuani. Akarudi ndani, haipo.

Akakaa akilowanisha kiti. Kati ya kiti cha nyuma na buti kulikuwa na bati zima, limezibwa kama ukuta. Boksi lilikuwa likipiga kifuniko cha buti, na kifuniko kikiirushia barabara kila kitu. Fundi mwanafunzi angeligundua hilo kwa kuketi ndani mara moja tu.

Alikata bati. Akaligeuza boksi litazame ndani, akaziba nafasi zote pembeni ili besi isirudi butini, akatandika mpira kwenye kifuniko. Kisha akaazima mkebe wa misumari na kuupakata, yeye mwenyewe, kwenye kile kiti. Misumari ikacheza mapajani mwake. Fundi viatu akamwashiria kutoka ng'ambo kwamba huku hakusikiki kitu.

Alimfuata dada nyumbani. Dada alimpokea kwa uso wa mawe, lakini alikuja. Safari hii Kipaza aliketi karibu naye.

Wimbo ulipoanza, mkono wa dada uliruka mbavuni ukabaki hapo. Kisha kichwa kikaanza kwenda, taratibu, sawasawa na gitaa.

“Kumbe ni polepole hivi,” alisema.

Kipaza hakuelewa. Dada akaeleza, macho mbele, kwamba siku ile hakuhisi kitu. Akatingisha kichwa ili asiwavunje moyo, na mwendo pekee aliokuwa nao kichwani ni wa ile mitambo, haraka haraka. Mtoto alimtazama mara moja, akaona kichwa hakifuati wimbo, akazima muziki.

“Mbona hukuniambia, dada?”

“Wewe ulisimama barabarani unachekelea kama bwana harusi. Ningekwambiaje?” Akapangusa macho kwa kiganja. “Mtu anapiga hivi, mimi nikamtuma kiwandani. Mpigie. Mwambie arudi.”

Kipaza akazima muziki, akapiga simu. Iliita sana. Ilipopokelewa, kilichotangulia hakikuwa sauti ya mpwa wake bali mitambo, ileile, ya kupasua fuvu.

“Mwanangu, umeziba masikio huko?”

“Nini? Ongeza sauti, Mjomba, sikusikii.”

Dada alikuwa amegeuka, anamtazama midomo, akisubiri aambiwe mtoto amesema nini.