Msomaji Asiye na Anwani

Su-chin na Pei-yu, binti wa kaka yake, walikuwa na ugomvi mmoja tu usiokwisha, nao ulihusu mwanamke ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumtia machoni. Mwanamke huyo, Shen Pi-yun, alikuwa miongoni mwa watu waliopelekewa baruapepe na Su-chin kila baada ya majuma machache, na tangu aingie kwenye orodha hakuwahi kununua hata punje moja ya longani. Alisoma tu. Akishasoma, anajibu.

Pei-yu alifanya kazi Taipei, katika ofisi ya matangazo, na ndiye aliyemfundisha shangazi yake kuuza matunda yake kwa baruapepe. Kwa maoni yake, mtu kama Pi-yun ni wa kufutwa.

"Huyo anakula kwa macho, shangazi," alimwambia kwenye simu. "Mteja gani huyo?"

"Na wewe unayenipigia kila Jumapili, umeshaninunulia nini?"

Pei-yu alicheka, hoja ikafia hapo, mpaka Jumapili nyingine.

Orodha yenyewe ilikuwa ndogo, kijiji kidogo cha watu waliotawanyika kisiwa kizima. Su-chin alikuwa mjane, mwanawe wa pekee yuko melini, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwaka akiwa na bahati. Kule milimani Tungshan alibaki na miti yake ya longani, matunda madogo yaliyo ndugu na shokishoki, na kibanda cha kuyakaushia kwa moto wa kuni. Basi alipokaa kuandika hakuandika kama muuzaji. Aliwasimulia jinsi mvua ilivyomharibia maua, jinsi nyani walivyomwibia, na mwisho wa barua aliwauliza swali. Nao wakajibu. Ndivyo alivyojua kuwa Mzee Tiao wa Hsinchu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ametiwa nyonga ya chuma na anaona aibu kutembea na mkongojo. Ndivyo alivyojua kuwa Bi Hung wa Keelung analala na paka chongo anayekoroma. Alikumbuka yote, akauliza hali ya nyonga na ya paka, na watu wakanunua kwa sababu hakuna mwingine aliyewauliza.

Ila Pi-yun ndiye aliyempenda zaidi, hilo tuliseme wazi. Pi-yun hapati usingizi, na alimwandikia kwamba akisoma habari za moto wa kibandani macho yanamwia mazito kidogo. Su-chin aliwahi kumwomba anwani ampelekee kifurushi cha bure. Pi-yun akajibu asijisumbue, barua zinamtosha.

Mwaka huo miti ilizaa mpaka matawi yakavunjika, na mavuno yakaangukia mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, wakati ndugu wema wanapofunguliwa mlango wa kuzimu waje kuzurura duniani. Jina lao halisi hatulitaji, na mimi pia sitalitaja. Pei-yu akaleta ufundi mpya. Barua isianze na "rafiki mpendwa", ianze na jina kamili la mtu, kisha mwaliko: Tiao Wen-pin, upo? Njoo, moto umeshawaka.

Su-chin alisita. Mwezi huo jina kamili la mtu haliitwi, hata mama humwita mwanawe "wewe", maana huwezi kujua nani mwingine anasikiliza.

"Ndugu wema hawana baruapepe, shangazi," alisema Pei-yu.

Longani zilikuwa zimerundikana hadi mlangoni, nyingine zinaanza kuchacha. Su-chin akakubali. Pei-yu akamtumia majina yote ayakague, kwa sababu hakuna kinachomuudhi mteja kama kukosewa jina. Na hapo ndipo Su-chin alipofanya kosa ambalo mtoto wa kule milimani asingelifanya. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa moshi, na akisoma kimyakimya alirukaruka mistari. Kwa hiyo aliketi kwenye kizingiti cha kibanda, ukungu wa alasiri unapanda bondeni, akayasoma kwa sauti jina baada ya jina, na mwaliko wake. Hung A-lien, upo? Njoo. Shen Pi-yun, upo? Njoo. Alipomaliza, msitu ulikuwa kimya, hata nyenje hawakulia.

Barua zilikwenda. Kwa kawaida majibu yalikuja taratibu, marefu, yamejaa wajukuu na magoti. Safari hii yalikuja yote pamoja, na yote yalisema neno moja: Nipo. Hakuna salamu, hakuna paka. Ni Pi-yun peke yake aliyeongeza kitu. Nipo, aliandika. Nimechelewa kidogo, njia ina maji.

Kesho yake alasiri, ukungu ulipofika uani, Su-chin aliwaona. Walikuwa wamesimama wamezunguka kibanda, nyuso wameelekeza motoni, hawasemi. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao, na aliwatambua wote. Yule mwenye mkongojo aliouficha nyuma ya mguu alikuwa Mzee Tiao. Yule aliyekunja mkono kama aliyepakata kitu chenye uzito wa paka alikuwa Bi Hung. Moshi uliwapita bila kupinda. Su-chin akashika nguzo ya kibanda.

Hapo simu ikalia. Ilikuwa ni mke wa mtoto wa Bi Hung, anapiga kutoka Keelung, namba ameitoa kwenye mfuko wa longani.

"Samahani mama, sijui hata nakuuliza nini," alisema. "Mama mkwe tangu jana kakaa kitini, hali chakula, haongei. Nikimtikisa ananiambia moshi unamuumiza macho. Hapa kwetu hakuna moshi, mama."

Su-chin alimtazama Bi Hung akipepesa macho mbele ya moto, akamjibu yule mkwe avute subira hadi jioni.

Dawa aliijua, kila mama wa kule anaijua. Mtoto akishtuka roho ikamtoka, unawasha vijiti vya ubani, unashika mchele kiganjani, unamwita kwa jina lake na kumtajia mahali anapokaa, mtaa na nyumba, ili roho isipotee njia. Yeye mwenyewe alimwita mwanawe hivyo mara nyingi enzi za utoto wake. Akatoa karatasi za vifurushi, zenye anwani zote, akaanza. Tiao Wen-pin, rudi kwako Hsinchu, akataja na mtaa na mlango, akarusha mchele kuelekea njiani. Mzee Tiao aligeuka kama aliyeitwa kula, akatoka kwa mkongojo wake na ukungu ukammeza. Kabla jua halijazama mkwe wa Bi Hung alipiga tena, analia, anasema mama mkwe kaamka na anagombana na paka.

Uani alibaki mmoja. Mwanamke mwembamba, amevaa sweta katikati ya joto lile, nywele zimelowa. Su-chin alitafuta karatasi yake kwenye rundo ingawa alijua haipo. Mtu asiyenunua hapelekewi kifurushi.

Alimkaribia, akamuuliza, "Pi-yun, mdogo wangu, unakaa wapi?"

Midomo ilicheza. Haikutoa sauti, ilitoa harufu ya mvua.

Alimwandikia baruapepe, kisha nyingine. Nani angejibu, na mwenye kujibu amesimama pale uani? Pei-yu alitafuta kila alipojua kutafuta, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alilia kwenye simu akisema ni yeye aliyeleta mambo haya, na Su-chin alimwambia anyamaze, aliyesoma kwa sauti si yeye.

Siku zikasonga. Pi-yun alikuwa anakuja na ukungu, baadaye akawa haondoki hata ukungu ukiondoka. Aliingia kibandani, akakaa kwenye kigoda mkabala na Su-chin. Su-chin akazoea, akaanza kumsimulia mambo kama alivyomwandikia, habari za nyani na za mwanawe wa melini, naye alisikiliza, kope zikimlemea. Siku moja alisinzia palepale, kichwa ukutani. Mtu aliyekosa usingizi miaka yote ile. Su-chin alipunguza sauti ya kuchochea kuni asimwamshe, na alikuwa na furaha, furaha ambayo hakuwa nayo tangu afiwe.

Lakini mwezi wa saba una mwisho. Siku ya mwisho mlango hufungwa, na wote wanaozurura hukusanywa kwa pamoja, bila kuulizwa nani wa huku na nani wa kule. Pi-yun asingekuwa na pa kushika. Alasiri hiyo upepo ulianza kuvuta kuelekea bondeni, majani yote yakalala upande mmoja, na sweta la Pi-yun likaanza kuvutwa. Alishika kigoda kwa mikono miwili na kumtazama Su-chin, na katika macho yale kulikuwa na woga mtupu.

Su-chin aliwasha ubani. Akashika mchele. Akasema, "Shen Pi-yun, rudi nyumbani," na kwa kuwa hakuwa na anwani nyingine duniani ya kumpa, akataja ya kwake: Tungshan, kilima, njia, namba ya mlango.

Upepo ukakata. Pi-yun akaachia kigoda, akavuta ungo wa longani karibu, akaanza kuchambua zilizooza kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Mwezi wa nane ulipoingia, watu wakiwa wanaoka keki za sikukuu ya mwezi mpevu, ikaja barua kutoka baruapepe ya Pi-yun. Aliyeandika alikuwa kaka yake. Dada yake, alisema, yuko kitandani, macho wazi. Ukimtia kijiko mdomoni anameza. Madaktari hawaoni ugonjwa. Katika simu yake amekuta barua za mtu mmoja tu, amezihifadhi zote, na anaomba, kama mama huyu anajua lolote, amwambie. Wanakaa Hualien, na akaandika mtaa, uchochoro na namba ya nyumba, ng'ambo ya daraja ambalo mafuriko yalilifunika.

Su-chin hakupoteza muda. Aliwasha ubani palepale, akaisoma anwani neno kwa neno, akarusha mchele. Akarudia. Mara ya tatu alipiga kelele mpaka koo likakwaruza.

Pi-yun aliinua kichwa. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia jirani akiitwa, kisha akarudi kwenye ungo wake. Roho hurudishwa nyumbani, na yeye alikuwa nyumbani.

Su-chin aliketi. Moyo ulikuwa umemtulia tuli, na utulivu huo ulimtisha kuliko yote aliyoyaona mwezi ule. Simu ikalia tena kiganjani. Kaka mtu alikuwa anauliza kama barua yake imefika.