Maneno Manne ya Januari

Neville Hepworth aliichezea Uingereza mechi kumi na tisa za raga ya wachezaji kumi na watatu, akastaafu na pua iliyopinda, akawa kocha wa Thornsby, mji aliozaliwa. Ujanja aliowafundisha vijana wake haukuwa wa mpira. Kila Januari daktari huwasomea wachezaji maneno kumi na kuandika mangapi wameyakumbuka. Ukigongwa kichwa uwanjani unarudia jaribio hilo, na ukishuka chini ya alama zako za Januari unakaa nje. "Jifanyeni wajinga mapema, Januari msikumbuke mengi," aliwaambia. Wote walicheka, yeye akiwa wa kwanza.

Siku ya mechi na majirani, mwenyekiti alikuwa ameshamwonya: ukifungwa tena, fungasha. Zilibaki dakika kumi na tano, Thornsby wanaongoza kwa pointi nne, nahodha Craig Lumb akapigwa bega kidevuni, akaanguka kama gunia.

"Maneno matano," daktari alisema pembeni ya uwanja. "Januari alikumbuka manne. Yuko fiti."

Hepworth alimtazama Lumb machoni. Hakukuwa na mtu mle.

"Januari alidanganya, daktari. Nilimfundisha mimi."

"Kocha, unanichoma?" Lumb alifoka. "Muongo huyu! Sijadanganya chochote!"

"Mimi nafuata karatasi," daktari alisema, akikwepa macho ya wote wawili.

"Na mimi ndiye ninayepanga timu. Keti chini, mwanangu."

"Mwanao nani? Wewe ulicheza na taya limevunjika, mji mzima unakusifu mpaka leo. Mimi nikae?"

Hadithi hiyo ya taya Hepworth aliisimulia mwenyewe kila Krismasi, lakini alimwita mchezaji wa akiba. Lumb alikaa. Majirani walifunga mara mbili, na Jumatatu Hepworth alikabidhi funguo.

Jumamosi iliyofuata alilipa kiingilio kama mtu yeyote, akasimama nyuma ya magoli na wazee wa mgodini. Roho ilimuuma, lakini angekaaje nyumbani? Dakika ya ishirini Lumb aligongana vichwa na mtu, akalala. Daktari akakimbia na karatasi yake, akamsomea maneno, akainua kidole gumba. Kocha mpya hakusogea.

Lumb aliinuka, jukwaa likalipuka kwa makofi.

"Umemwona dume?" alisema mzee Arkwright, mdomo umejaa mkate wa nyama. "Wewe Nev, ungemwacha tu siku ile, kazi ungekuwa nayo."

"Atolewe!" Hepworth alipiga kelele. "Mtoeni huyo!"

"Tulia bwana, wivu huo."

Uwanjani Lumb alikimbia polepole, akajifuta damu, akaenda kujipanga katikati ya wapinzani, uso wake ukilitazama goli la timu yake mwenyewe.

Watu waliangua kicheko. Walidhani anawatania.